Upepo wa kumi na moja: daftari la mashine yangu ya kulalia, 2014–2025

Daftari hili lilianzia nyuma ya kaunta buku la lori. Mbele niliandika dizeli, tairi na pesa za njiani. Nyuma nikaanza kuandika usingizi, na baadaye mashine ya kunipulizia hewa puani ili pumzi isikatike nikilala, kwa kuwa daktari alinitaka nimletee maandishi na sikuwa na daftari jingine. Nimebeba makontena kutoka Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine hadi Kampala, kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo kuandika safari si kazi ngeni kwangu. Ninayoyanakili hapa ni kurasa chache. Usiku mwingi nimeuandikia neno moja tu, "sawa", na huo hauna haja ya kunakiliwa.

Agosti 2014, kabla ya mashine

Yadini Changamwe wananiita Pono. Anayemjua samaki huyo na usingizi wake hahitaji maelezo. Nasinzia kwenye foleni ya mizani ya Mariakani, nasinzia na kikombe cha chai mkononi, nasinzia msikitini khatibu hajamaliza hotuba ya kwanza. Usiku nakoroma hadi jirani wa nyumba ya nyuma ananitania asubuhi. Kwetu anayekoroma huambiwa anafaidi usingizi. Mimi naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kichwa kinagonga, koo limekauka.

Mama yangu aliona ni jinamizi, maana nilikuwa nikishtuka usiku nagombania pumzi kama mtu aliyekaliwa kifuani. Akafukiza ubani, nikanywa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa. Sikumbishia.

Aliyepata jibu ni mama watoto, kwa tasbihi. Usiku mmoja baada ya isha alikaa kitandani, na kila pumzi yangu ilipokatika akavuta punje moja. Punje thelathini na tatu zikaisha, akaanza mzunguko wa pili, na saa moja haijatimia. Asubuhi akaniambia, "Wewe hulali, mume wangu. Wewe unakufa kidogo halafu unarudi."

Wiki hiyo hiyo, saa tisa usiku, nimepita Maungu barabara imenyooka kama uzi, taniboi wangu, utingo wa lori, akashika usukani akapiga kelele. Magurudumu ya kushoto yalikuwa tayari mchangani. Tuliegesha Voi. Nikamwambia alale, mimi nikakaa macho hadi alfajiri, naogopa kufumba.

Septemba 2014, kipimo

Nilipanda basi la usiku hadi Nairobi. Hospitalini walinibandika waya kichwani, mkanda kifuani na tumboni, kibanio kidoleni, halafu wakaniambia nilale. Nililala kabla hawajazima taa, nesi akacheka.

Majibu: pumzi inakatika au kupungua mara 47 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, ikizidi 30 ni kali. Oksijeni ya damu ilishuka hadi asilimia 71. Mama watoto alipoiona karatasi hakushangaa. Alisema tasbihi yake haikukosea sana.

Daktari alieleza hivi: ukilala, misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inajifunga. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hakiingizi kitu. Oksijeni ikishuka, ubongo unakushtua kidogo, koo linafunguka, unakoroma kwa nguvu, unalala tena, mchezo unaanza upya. Kukatika huhesabiwa kukifika sekunde kumi. Kwangu mimi, kumoja kulifika sekunde 58. Jina lake ni apnia ya usingizi, na presha yangu ya damu ambayo dawa mbili zilikuwa zimeshindwa kuishusha, ilikuwa 160 kwa 100, nayo huenda na ugonjwa huu.

Nilimuuliza swali moja: nitaendelea kuendesha? Akasema ndiyo, lakini si leo. Kwanza mashine, kwanza wiki kadhaa za kulala, halafu turudi kuzungumza. Mwajiri nilimwambia nina presha. Haukuwa uongo.

Oktoba 2014, siku za kwanza

Mashine inaitwa CPAP. Ni feni iliyofungwa kwenye boksi, paipu, na barakoa ya kufunga puani. Haikupi oksijeni, watu wengi hukosea hapo. Inakupulizia hewa hii hii ya chumbani, kwa nguvu inayotosha kulizuia koo lisijifunge. Kazi yake ni kama ya upepo ndani ya tairi: tairi halibonyei hadi kwenye rimu kwa sababu kuna kitu kinalisukuma kutoka ndani.

Yangu iliwekwa upepo wa 11. Kumi na moja ya nini? Sentimita za maji. Sikuelewa hadi nilipochukua ndoo, nikashikilia ncha ya paipu na kuizamisha. Mapovu yalitoka hadi kina cha sentimita kumi na moja, nikiizamisha zaidi yanakoma. (Usijaribu ukiwa umeiweka mashine chini ya ndoo. Maji yana akili zake.) Ukilinganisha, tairi la lori linabeba upepo wa zaidi ya mara 600 ya huo. Upepo mdogo hivyo, na kukosekana kwake ndiko kulikokuwa kunaninyima usingizi miaka yote.

Usiku wa kwanza niliivaa dakika kumi. Nilihisi nimetoa kichwa nje ya dirisha la lori kwa mwendo wa kilomita themanini. Usiku wa pili robo saa. Usiku wa tatu niliivua nikiwa usingizini, nikaikuta sakafuni inapuliza miguu ya kitanda. Nesi alinipa mambo mawili kwa simu, na hayo mawili ndiyo yaliyoniokoa. Kwanza, niivae mchana nikiwa macho, natazama mpira, hadi ubongo uizoee. Pili, niwashe sehemu ya kupanda pole pole, ianze na upepo wa 4 na kufika 11 baada ya dakika ishirini, mimi nishalala.

Usiku wa kumi na mbili nimeandika: "saa sita. Nimeota." Sikuwa nimeota kwa miaka. Mama watoto aliamka mara tatu kunigusa, kwa sababu nilikuwa kimya mno.

Baadaye nilisoma kwamba aliyeibuni ni daktari wa Sydney, Colin Sullivan, na kwamba ripoti yake ya kwanza ya mwaka 1981 ilikuwa na wagonjwa watano tu. Kabla yake, tiba ya uhakika kwa waliozidiwa ilikuwa kutobolewa koo. Tangu nijue hilo siilalamikii barakoa.

Februari 2015, waya

Hapa ndipo nilipopoteza pesa, na ndipo ningependa dereva mwenzangu asome taratibu.

Daktari aliniruhusu kurudi barabarani. Lakini dereva wa masafa marefu halali usiku nyumbani kwake. Analala Mtito Andei, Mlolongo, Salgaa, Malaba, kitandani nyuma ya kiti. Umeme wa lori ni volti 24, na kwenye mashine yangu ya kwanza imeandikwa volti 24. Fundi mmoja wa waya akasema, "Mzee, hizi ni ndugu," akakata plagi, akaunga moja kwa moja kwenye betri. Usiku wa kwanza injini imezimwa, mashine ikafanya kazi safi. Alfajiri taniboi akawasha injini ili upepo wa breki ujae, mimi bado nimelala nimeivaa. Ikanyamaza. Haikuamka tena.

Sababu ni rahisi ukishalipia. Volti 24 za lori ni jina tu. Injini ikiwa inazunguka, altaneta inasukuma kama 28 ili ichaji betri, na wakati wa kupiga stata umeme unashuka ghafla na kupanda ghafla. Ubao wa mashine haukutengenezwa kwa vurugu hizo. Kuna kibadilishi cha umeme kinachotengenezwa kwa kazi hiyo, kinapokea 12 au 24 zenye vurugu na kutoa 24 zilizotulia. Kingenigharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine.

Mashine ya pili nilinunua iliyotumika, na hii ilikuwa ya volti 12. Fundi wa pili naye akaja na ujanja wake: lori lina betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo, basi chukua umeme kwenye moja. Itafanya kazi, ndiyo. Ila betri moja itakuwa inafanya kazi mbili, haitachajiwa sawa na mwenzake, na ndani ya miezi utanunua zote mbili. Nilikataa. Tukafunga kishushi cha 24 hadi 12, fyuzi ya ampea 10 karibu na betri kabisa, na soketi ya kiberiti kando ya kitanda. Tangi la mvuke tuliliacha nyumbani, kwa sababu kupasha maji moto ndiko kunakokula umeme. Bila tangi mashine ilikula ampea moja na kidogo. Kwa usiku mzima hata stata haikujua kwamba nililala na feni.

Ufungaji huo ulidumu miaka sita. Taniboi aliujua kuliko mimi. Kila jioni akishaweka kabari kwenye magurudumu ananiuliza, "Mzee, upepo upo?" Mwanzoni nilidhani anauliza wa breki.

Juni 2016, Timboroa

Kuharibika kwa lori jingine kulitulaza Timboroa, juu ya mita 2,700. Huko mtu wa pwani anavaa kila alichonacho. Safari hiyo nilikuwa nimebeba tangi la mvuke, kwa sababu baridi kavu ya juu ilikuwa inanitoa damu puani. Saa nane usiku nikaamka nikikohoa maji. Hewa yenye mvuke inatoka tangini ikiwa na joto, inapita kwenye paipu baridi, inageuka maji, inakumiminikia puani. Taniboi alisema nililia kama boti ya injini iliyomeza maji.

Nilimweleza mama watoto kwa simu. Niliporudi nikakuta ameshona mfuko mrefu wa leso, umeikaa paipu yote mita moja na sentimita themanini, na akaukata kwa hesabu maneno ya leso yaje upande wa juu yasomeke: Mgeni njoo mwenyeji apone. Maji hayakurudi. Mfuko huo bado ninao, rangi imekwisha.

Kwetu Mombasa shida ni kinyume. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, hewa ina unyevu wa kutosha na tangi sililijazi kabisa. Kusi likiingia nalijaza nusu. Wapo wanaowasha mvuke mwaka mzima kwa sababu kitabu kimesema, halafu wanashangaa kulala kwenye paipu yenye bwawa.

Juni 2017, Ramadhani

Treni mpya ilizinduliwa mwisho wa Mei, tukiwa mfungoni, na yadini hakukuwa na habari nyingine: makontena yatapanda reli, sisi tutakula nini. Nilikuwa na wasiwasi huo na mwingine mdogo wa kwangu.

Ramadhani inavunja usiku vipande viwili. Unalala baada ya tarawehe, unaamka daku, unalala tena baada ya alfajiri. Kosa langu mwaka wa kwanza lilikuwa kutoivaa mashine kwa kile kipande cha pili, kwa hoja kwamba ni saa mbili tu. Lakini usingizi wa karibu na asubuhi ndio wenye ndoto nyingi, misuli imelegea zaidi, na pumzi yangu hukatika vibaya zaidi hapo. Nikawa nafunga huku nimechoka maradufu na kulaumu saumu.

Kisha likaja suala la mvuke. Nikilala mchana nimefunga, mashine inanipulizia mvuke wa maji kooni, saumu iko wapi? Barazani kulizuka mjadala mkubwa, kila mtu na kitabu chake. Mimi nilitoa tangi mchana, nikapulizia hewa kavu, nikaacha wenye elimu waendelee.

2018

Sawa. Presha 130 kwa 85, daktari akaondoa dawa moja. Barakoa mbili, paipu moja, filta nane. Vumbi la Mlolongo ndilo linaloua filta, si muda.

Machi 2019, ndevu na kadi

Nilifuga ndevu, na barakoa ikaanza kuvuja. Silikoni haikai juu ya nywele. Ukikaza mikanda unapata alama mashavuni na kidonda kwenye mfupa wa pua, na bado inavuja. Watu wa pwani wanajua barakoa ya wanawake wa zamani, ile ya kufunika uso. Mama mkwe alinitania kwamba nimevaa yake vibaya. Nilihamia ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua tu, haigusi ndevu wala mfupa. Kama pua yako haizibi, anza na hiyo.

Mwaka huo huo mpwa wangu aligundua kwamba mashine ina kadi ya kumbukumbu pembeni, na kwamba kuna programu ya bure iitwayo OSCAR inayoisoma kwenye kompyuta. Miaka mitano nilikuwa naandika "sawa" kwa kuhisi. Sasa nikaona usiku wangu umechorwa, dakika kwa dakika, kila pumzi. Ilikuwa kama siku ya kwanza kuona karatasi ya takografu, ile inayochora mwendo wa lori. Namba yangu: 2.8 kwa saa. Kutoka 47.

Mei 2020, foleni ya Malaba

Korona. Uganda inataka kila dereva apimwe kabla ya kuvuka, majibu yanachukua siku, foleni imetoka mpakani hadi huioni mwisho. Ramadhani imetukuta humo. Tunapika pembeni ya matairi, tunalala kabini.

Usiku wa tatu dereva mmoja, mgeni kwangu, alikuja kuomba maji, akapanda kidato, akamulika tochi kupitia kioo. Akaniona nimelala chali, kitu kimefunga pua, paipu imeshuka kifuani, taa ndogo ya kijani. Hakuomba maji tena. Niliamshwa na sauti za watu. Nje kuna watu kama ishirini, wamesimama mbali, wamejifunga vitambaa mdomoni, na mmoja anapiga simu: "Yuko kwenye oksijeni! Amejificha ndani ya lori na oksijeni!"

Nilitoka na kuvua, na hilo likaharibu zaidi, maana nilikuwa nimetoa barakoa wakati wao ndio kwanza wanavaa. Taniboi ndiye aliyesimama kwenye kidato akawahutubia. Akaitoa mashine, akaiwasha, akapuliza mikono yake, akasema ni feni, mzee anakoroma, kwao wanamwita Pono. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote. Lakini maafisa wa afya walikuja asubuhi wakanipima tena mbele ya kila mtu, na hadi tunavuka nilikuwa na nafasi kubwa ya kuegesha kuliko dereva yeyote wa foleni ile.

Usiku uliofuata watatu walikuja kimya kimya, mmoja mmoja, kuniuliza ilinigharimu kiasi gani. Wote walisema wanamuulizia ndugu yao.

Juni 2021, sponji

Mtengenezaji mmoja mkubwa ametangaza kuwa mashine zake mamilioni zirudishwe. Sponji ya kuzuia kelele ndani inaweza kumomonyoka, na chembe zake na gesi zikavutwa na mgonjwa. Joto na unyevu vinaongeza hatari, na pwani sisi tuna vyote viwili. Namba ya mashine yangu imo kwenye orodha. Niliandika barua pepe tatu. Kwa kuwa niliinunua ikiwa imetumika, kutoka nchi nyingine, hakuna aliyejiona anahusika nami.

Hasira yangu naiacha hapo. Swali la kweli lilikuwa nilale vipi. Daktari hakutaka niendeshe bila tiba, wala hakupenda niendelee na sponji ile. Nilichukua likizo ya wiki tano bila malipo. Mama watoto alishona mfuko nyuma ya fulana, katikati ya mabega, akatia kidaka, kile kinazi kichanga kinachodondoka kabla ya kukomaa. Ukigeuka chali kinakuuma, unarudi ubavu. Kukoroma kulipungua nusu, si zaidi. Kwa ugonjwa wangu kidaka si tiba, lakini kwa mwenye namba ndogo anayekatika akilala chali tu, nimeona kikisaidia.

Mashine ya tatu nilinunua mpya, ya volti 24, ya kujirekebisha yenyewe kati ya 8 na 14. Na kibadilishi chake cha asili. Sikuuliza bei mara mbili.

Agosti 2023, giza

Nilistaafu barabara mwishoni mwa 2022 na nikasahau habari za waya. Nyumbani Kisauni kuna stima, nitaogopa nini? Betri ya lori niliyokuja nayo nikaiacha nyuma ya mlango.

Ijumaa tarehe 25 Agosti, saa nne kasorobo usiku, nchi nzima ikazima. Nikaichukua betri kwa maringo. Volti 9. Miezi minane bila kuchajiwa, imejifia peke yake. Betri ya risasi ukiiacha tupu inageuka jiwe. Usiku ule nililala kwenye kiti, nimeegemea ukuta, naamka na kushtuka, naamka na kushtuka. Asubuhi kichwa cha 2014 kilikuwa kimerudi kama hakijawahi kuondoka. Miaka tisa ya mashine, na koo halijajifunza kitu.

Nikanunua betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 50, kama wati-saa 640. Nilipima matumizi: bila mvuke, usiku wangu mmoja ni karibu wati-saa 100 pamoja na kinachopotea kwenye kibadilishi. Hapo ni usiku tano salama. Ukitumia inveta ya kawaida, umeme unageuzwa kwenda 240 kisha unarudishwa chini, na unapoteza kwenye kila mgeuko bila faida. Novemba 11 nchi ikazima tena, Desemba 10 tena. Nimeandika: sawa, sawa.

Aprili 2024, mto

Hii iliniumiza kichwa wiki saba. Namba ikapanda kutoka 2.5 hadi 9, usiku mwingine 12. Nikaanza tena kusinzia barazani. Kliniki waliongeza upepo wa juu hadi 16. Namba haikushuka, tumbo likajaa hewa. Nilibadilisha barakoa, nikabadilisha filta, nikapunguza uzito kilo tatu, nikamshuku paka.

Mpwa wangu alipofungua kadi aliona jambo ambalo namba ya jumla huificha. Saa nyingi za usiku zilikuwa safi kabisa. Kukatika kulikuja kwa mashada, dakika arubaini mfululizo pumzi juu ya pumzi, kisha kimya. Koo linalolegea lenyewe halina tabia hiyo. Akaniuliza, "Mjomba, kuna kitu gani kimebadilika kitandani?"

Shemeji alikuwa ameniletea mto wa sufi kutoka Lamu, umejazwa vizuri, mgumu, mrefu. Nikiulalia, kidevu kinashuka kifuani. Jaribu sasa hivi ulivyokaa: bana kidevu kifuani halafu vuta pumzi. Hakuna upepo wa mashine unaofungua paipu iliyokunjwa. Nikatoa sufi nusu. Usiku ule ule: 2.4. Shemeji hajaambiwa, mto upo sebuleni, anaukuta akija.

Machi 2025, Umra

Mashine ilipanda ndege nami kama mzigo wa mkononi, na barua ya daktari. Plagi za Saudia ni pini tatu kama zetu, sikuhitaji kitu. Makka hewa ni kavu, tangi likarudi kazini, na maji niliyobeba yalipokwisha, mwenzangu wa chumba, mtu mwema sana, akalijaza Zamzam kwa nia ya baraka. Zamzam ina madini mengi. Siku ya tatu tangi lilikuwa na gamba jeupe, nikalisugua kwa siki na maji vuguvugu. Zamzam nimeinywa, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa tangi mimi hutumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa maji tena. Yale ya betri ya petroli steshoni siyagusi. Yameandikwa ya betri, nami si betri.

Septemba 2025

Taniboi wangu wa zamani sasa ni dereva, ana lori lake, shingo yake imenenepa. Alipiga simu kuuliza habari za fyuzi, ampea ngapi, na waya wa unene gani. Nikamjibu. Kisha akauliza kama daktari wa Nairobi bado yuko. Nikamuuliza anamuulizia ndugu yake? Akacheka sana, halafu akanyamaza, akasema mkewe amemhesabu.

Kipimo ni Alhamisi. Namsindikiza kwa treni ya usiku. Mama watoto ameshatoa leso mpya kabatini na ananiuliza paipu za siku hizi bado ni mita moja na themanini, au zimebadilika.